Mwaka Nilioshika Ufunguo wa Stoo

Nilikuwa Makambako, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni, nikifundisha mameneja vijana wa miradi namna ya kugawa kazi, Sanga aliponipigia. Alitumia namba nisiyoijua, nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Mara ya tatu akaandika ujumbe: Fundi Mgaya amefariki, tunazika kesho, njoo. Niliusoma nikiwa nimesimama mbele ya watu, na kijana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye viatu ambavyo havijawahi kuona tope, alikuwa bado anasubiri jibu la swali lake. Alikuwa ameuliza utamgawiaje mtu kazi kama humwamini. Swali hilo naulizwa kila semina, na anayeuliza huwa na uso ule ule wa mtu anayedhani amegundua kitu. Linanichosha. Linanichosha zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nilitembea na swali hilo mwaka mzima, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba na ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba shingoni. Niliwaambia wakanywe chai, nikakaa kwenye kiti cha plastiki.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maji ya mserereko, yale yanayoshuka kwa uzito wake kwenye bomba bila pampu, kutoka chanzo kilichoko msituni hadi kijiji kimoja upande wa Lupembe, ukishapita Matembwe. Mimi ndiye niliyekuwa meneja. Ofisi ilikuwa Njombe mjini, stoo ya mabomba ilikuwa Makambako ambako malori yalishusha, na kazi yenyewe ilikuwa huko milimani, kwa hiyo ukitaka kuwepo kila mahali ungeishi barabarani, na mimi niliishi barabarani. Mfadhili alitupa mpaka Krismasi. Wanakijiji walichimba mtaro kwa mikono yao bila kulipwa, kwa kuwa wanawake walikuwa wamechoka kupanda mlima kila siku na ndoo kichwani. Ilibidi mabomba yawe yamefukiwa kabla mvua hazijakolea, maana mvua zikikolea kila mtu huenda kupanda mahindi yake, na mtaro uliobaki wazi hujaa udongo. Haya yote niliyajua. Niliyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wa ofisi. Kujua hakukuwahi kunizuia kufanya upumbavu.

Nianze na huo ufunguo. Stoo ya Makambako ilikuwa na mtunza stoo, ndiye huyo Sanga, mwanamume mpole aliyetunza stoo ya kanisa miaka kumi bila kupoteza hata msumari. Tulimwajiri atunze stoo, nami nikamnyima ufunguo. Nilimweleza kwamba si kwamba simwamini, ila nataka utaratibu. Basi Sanga alikaa nje ya mlango uliofungwa, kwenye upepo ule wa Makambako unaopenya mpaka kwenye mbavu, amevaa koti lenye kofia na mikono ameiweka kwapani, akitunza kufuli. Lori la kwenda kijijini likifika, dereva alisubiri mpaka mimi nitoke Njombe kwa basi, nifungue, nihesabu, nifunge, nirudi. Mara nyingine nilikuta madereva wawili wamelala chini ya magari yao na Sanga anawachemshia chai kwenye jiko la mkaa. Alinimiminia na mimi. Hakuwahi kulalamika, na kutolalamika kwake nilikuhesabu kama uthibitisho kwamba utaratibu wangu ni mzuri.

Kwa Fundi Mgaya nilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa fundi mkuu wetu, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyelaza mabomba tangu mimi sijaanza shule. Alikuwa na tabia ya kupiga teke dogo udongo kabla hajasema lolote kuhusu mahali. Nilimpa jina la msimamizi, kisha nikamwandikia karatasi. Kila nilipoondoka nilimwachia karatasi: leo ungeni bomba hili na hili, msiguse lile, kokoto zichekechwe, vijiti vya kupimia viwe upande wa kushoto. Niliandika mpaka saa ya kula. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma polepole, akazikunja mara nne na kuzitia kwenye mfuko wa shati. Nilipokuwepo kijijini nilisimama juu ya mtaro, na mtu akipiga sururu kwa namna nisiyoipenda nilishuka kumwonyesha. Nilishuka kwenye mitaro ya watu waliokuwa wakilima miteremko ile tangu wanajifunza kutembea.

Chakula nilikula nyumbani kwa Mgaya. Mkewe, Mama Lusungu, alikuwa na jiko la nje lenye kuta nyeusi za moshi na benchi moja la mbao za msindano, na ndiye aliyekuwa akiwapanga akina mama kwenye zamu za kuchimba. Alitupa viazi vya kuchemsha, maharage, na mboga ya majani ya maboga, na chai yenye maziwa mengi kwa sababu aliona nimekonda. Siku moja nikiwa humo ndani, nikichovya kiazi kwenye chumvi, niliwasikia wachimbaji nje ya ukuta. Mmoja alisema kesho Injinia atawafundisha kushika mpini. Mwingine akasema kwanza atawapa karatasi ya namna ya kupenga kamasi. Wakacheka, kisha wakaendelea kwa Kibena, wakacheka zaidi. Mama Lusungu alinitazama, akaniongezea kiazi. Nilikasirika sana siku ile, na nilimkasirikia kila mtu isipokuwa mimi.

Sasa kisa chenyewe. Mwanzoni mwa Novemba mtaro ulikuwa umefika kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu ambamo watu hulima mboga wakati wa kiangazi. Palikuwa pabaya kuliko kote, udongo mweusi na laini, na nilikuwa nimepitisha mstari wa bomba hapo kwa sababu kwenye ramani ulionekana umenyooka. Watu walichimba sehemu hiyo kwa wiki mbili. Mabomba yake yalikuwa tayari pale pale juu ya majani, yamepangwa. Ilibaki kuyalaza na kufukia, kazi ya siku moja. Lakini nilitaka kina kiwe mita moja kamili na nilitaka kupima kwa mkono wangu, na siku hiyo hiyo kulikuwa na lori la vali na viungio likinisubiri Makambako, kwenye kufuli langu. Nikamwandikia Mgaya karatasi fupi kuliko zote: Usifanye chochote mpaka nije. Nikapiga mstari chini ya neno chochote. Aliisoma, akapiga teke udongo, akatazama juu upande wa msitu, akaikunja mara nne.

Makambako nilikaa siku mbili. Hesabu ya viungio haikulingana na ya dereva, nikaanza upya, nikakosea, nikaanza upya. Sanga alisema kwa upole kwamba yeye ameshavihesabu mlangoni vikishushwa na viko sawa. Nilimwambia kushushwa si kuhesabiwa. Simu yangu iliita, namba nisiyoijua, nikakata ili nisipoteze hesabu. Ikaita tena, nikakata tena na kuizima kabisa. Mwisho hesabu ikatoka vile vile alivyosema Sanga. Niliporudi Njombe nililala kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Ramadhani, na alfajiri nikaamshwa na mvua juu ya bati. Ilikuwa mvua nzito, ya kukaa. Nilijua papo hapo. Niliketi kitandani nikiwa nimeshika ufunguo, nikajiambia kwamba Mgaya ana akili, atakuwa ameshalaza mabomba.

Hakuwa amelaza. Nilifika na lori la kubeba mbao mchana, nimelowa, nikawakuta watu wamesimama kwenye ukingo wa vinyungu. Mtaro haukuwepo tena. Kuta zilikuwa zimeporomoka kwa urefu wa kama viwanja vitatu vya mpira, maji ya rangi ya chai yakitembea juu yake, na mabomba yalikuwa pale pale kwenye majani, safi, yamepangwa. Wiki mbili za migongo ya watu zilikuwa zimerudi kuwa tope. Nilimfuata Mgaya na kumfokea mbele ya wote, mbele ya mkewe, mbele ya watu wazima wa kumzaa mtu kama mimi. Nilimwuliza ni fundi gani anayetazama mvua inakuja na mabomba yako miguuni pake. Nilimwuliza kama anahitaji karatasi ya kumwambia atoke nje nyumba ikiungua.

Mgaya alivua kofia. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni. "Uliandika nisubiri, Injinia," alisema. "Nilisubiri."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, nami ningependa ingekuwepo, ningejua pa kushika. Miaka yote iliyofuata nimejiuliza kuhusu kusubiri kule. Nilianza kuamini kwamba alifanya makusudi, kwamba aliacha kijiji kipoteze kazi ili anifundishe adabu, na kuna miaka nilimchukia kwa hilo hata nilipokuwa namtumia salamu za Krismasi. Wale watu, mmoja mmoja, waliokota majembe yao, wakayaosha kwenye dimbwi, wakayatia begani, wakaenda. Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa hakuja mtu. Mwenyekiti wa kijiji alisema yeye hawezi kuwalazimisha, mvua zimeanza, kuna mahindi. Nilihesabu siku mpaka Krismasi nikaona mradi umekufa mikononi mwangu, na wale wanawake wataendelea kupanda na ndoo zao kwa sababu mimi nilitaka kupima mita moja.

Mama Lusungu ndiye aliyenivuta jikoni kwake. Alinikalisha kwenye benchi, akanipa uji wa ulezi, akanisubiri nimalize kulia, ambako kulichukua muda, kisha akaniuliza kama nimewahi kwenda kwenye mgowe. Mgowe ni ile kazi ya pamoja, unapowaita majirani wakulimie shamba na wewe unawapikia. Nilisema nimewahi. Akaniuliza mwenye shamba hufanya nini siku hiyo. Nikasema anapika. Akasema kabla ya kupika. Sikujua. Akaeleza kama anavyomweleza mtoto, bila haraka: mwenye shamba anaamka mapema, anapima ngwe, kila nyumba kipande chake, anaweka alama mwanzo na mwisho, anaonyesha tuta analotaka liwe la namna gani, tuta moja tu. Halafu anaondoka. Haingii tena na jembe mpaka watu wamemaliza. Akiingia kurekebisha tuta la mtu, huyo mtu anaweka jembe chini, na wa pembeni yake anaweka, kwa kuwa umewaambia wote kwamba hawajui kulima.

"Wewe, mwanangu, uliingia kwenye ngwe ya kila mtu," alisema. "Na baba Lusungu hukumpa ya kwake kabisa. Ulimpa karatasi."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema niwaite Jumapili baada ya ibada, nipime ngwe, niondoke. Nikauliza niondoke kwa muda gani. Akasema, mpaka siku utakayotaja mwenyewe, na usije kabla. Sijawahi kupewa masharti na mfadhili yeyote yaliyonikera kama yale.

Jumapili nilisimama nje ya kanisa nikawaomba waje kwenye mtaro, na kwa heshima ya Mama Lusungu walikuja. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nimekata fito nyingi za mianzi, kila mmoja mita moja kamili, na nilimpa kila kiongozi wa nyumba ufito mmoja na kipande chake, kutoka kigingi hadi kigingi. Nikasema ufito ukizama wote, ngwe imekwisha, sitapima mimi. Kwa Mgaya nilisema mstari wa bomba ni wake, kwamba maji yanapotakiwa kuanzia na kuishia anapajua, na katikati apite anapoona panafaa. Aliniuliza kama nitaandika. Nikasema hapana. Akapiga teke udongo, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akatoa maoni yake mwenyewe: alisema basi hatarudi kwenye vinyungu, atapandisha mstari kwenye mteremko mgumu, ni mrefu zaidi lakini hautaporomoka. Alikuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza. Sikuwa nimemwuliza. Nilitaja siku, wiki tatu mbele, nikapitia Makambako nikavua kamba shingoni na kumkabidhi Sanga ufunguo. Aliuangalia, akafungua, akaingia ndani, akakaa kwenye boksi la viungio, na nadhani alikuwa anafurahia tu kutopigwa na upepo.

Wiki tatu hizo nilizipitisha chumbani kwangu mtaa wa Ramadhani, na sitaki kuzipamba. Nilifua mapazia. Nilipika maharage yakaungua nikiwa nimekaa mbele yake. Asubuhi nilikwenda stendi kuwauliza makondakta wa magari ya Lupembe kama wameona watu wanachimba, nao wakaanza kunikimbia. Majirani zangu, mama mmoja muuza vitenge na mumewe, walisikika wakinijadili nyuma ya ukuta: mke alisema nimeachwa na mchumba, mume akasema nimefukuzwa kazi. Siku ya kumi nilipanda lori la kwenda huko. Nilifika mpaka njia panda ya Lupembe nikamgongea dereva asimame, nikashuka, nikarudi mjini kwa miguu kwenye manyunyu, nikijitukana kwa sauti. Kila nilichofundisha baadaye kwenye kumbi zenye viti vya plastiki ni siku zile, isipokuwa kwenye kumbi huwa sisemi jinsi zilivyouma. Watu wanadhani kugawa kazi ni kupumzika.

Nilifika siku niliyotaja, si kabla. Kabla sijafika kwenye nyumba ya kwanza niliwaona watoto wamelowa, na jua lilikuwa linawaka. Maji yalikuwa yametoka tangu juzi. Walikuwa wameyajaribu, wakaziba palipovuja, wakayafungulia tena, bila mimi. Nilitembea na mstari mzima, ukikwepa vinyungu kwa juu, umepinda kama njia ya ng'ombe, na juu ya kila ngwe wenyewe walikuwa wamechomeka ufito wangu kwenye udongo uliofukiwa. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi, lakini ukweli ni kwamba niliumia pia kwa sababu maji ya kwanza sikuyaona. Mama Lusungu alinipa togwa kwenye kikombe cha bati. Mgaya alinipa mkono. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa kumfokea, nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye gari njia nzima, lakini kulikuwa na watu wengi, na wimbo, na mwenyekiti alitaka picha. Nikasema nitamwambia siku nyingine. Ndiyo hivyo nimesema kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nilikwenda mazishini na Sanga, ambaye ana mvi sasa na shamba la parachichi. Niliwaacha wale vijana na msaidizi wangu, na njiani nilimpigia mara tatu kumwambia afundishe nini, mpaka Sanga akaniomba simu, akaiweka kwenye mfuko wa koti lake. Baada ya mazishi niliingia jikoni. Jiko ni lile lile, moshi ule ule, benchi wamebadilisha. Mama Lusungu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Nilimsalimu kwa Kibena, kamwene, akaitika, akawaomba wenzake watupishe kidogo. Nilimwambia nilichokuja nacho: kwamba nilimfokea mumewe mbele ya watu na sikuwahi kumwomba radhi. Na kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kusema kweli, nikamwambia na lile la pili, kwamba nimekuwa nikidhani alisubiri makusudi.

Alinyoosha pindo la mkeka. Nadhani alikuwa anaamua kama bado anafungwa na ahadi aliyompa mtu aliyekwisha kuzikwa.

"Hakusubiri tu," alisema. "Aliona mvua jana yake. Alipanda kilima cha kanisa na simu ya mwalimu, ndipo penye mtandao. Alikupigia mara mbili akuombe ruhusa alaze. Ulikata."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nimemfokea, watu wote wanasikia, neno moja tu lingetosha kunizika.

"Nilimwuliza hivyo hivyo usiku ule. Akasema angesema, wale watu wasingekusikiliza tena, na mradi ulihitaji meneja. Akanikataza."

Nilikaa kwenye lile benchi jipya. Nililia, lakini zaidi ya kulia nilimkasirikia Mgaya, nikamkasirikia kwa nguvu zote, marehemu wa siku moja. Aliniamulia. Alichukua aibu yangu akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati, akakaa nayo mpaka anakufa, na hata mara moja hakuniuliza kama naweza kuibeba. Nilimwambia Mama Lusungu kwamba mumewe alikosea, kwamba angenipa, hata kama ingenivunja.

"Ile ilikuwa ngwe yangu," nilisema.

Akaitika kwa kichwa, akanisogezea sahani ya viazi.